Filamu Iliyomketisha Mama Mtaroni

Kuna kicheko cha namna moja ambacho hadi leo kikinifikia nasimama. Ni kile cha watu wengi waliobanana ndani ya chumba chenye giza, wakicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nyuma ya nyumba niliyopanga hapa Mikumi kuna kibanda umiza, banda la mabati ambamo vijana huenda kuangalia mpira na filamu. Jumamosi mchana kicheko hicho hupenya ukutani kwangu, kikiwa kimechanganyika na mngurumo wa malori yanayokwenda Iringa. Huwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu saa hizo, na kalamu husimama yenyewe. Naanza kusikia harufu ya mabati yaliyopigwa na jua, jasho la watoto na petroli ya jenereta. Mara nina miaka kumi na moja, niko Kilosa mjini, na mama yangu anaonekana kwenye televisheni.

Niwaeleze kwanza tulifikaje Kilosa. Sisi ni Wasukuma. Baba na ndugu zake walitoka Shinyanga na ng'ombe wao kabla sijazaliwa, wakahamahama, mwishowe wakatua upande wa Zombo, wakawa wanachunga na kulima mpunga. Shule ilikuwa mbali na maboma yetu. Mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, aliamua kwamba mimi nitasoma. Baba alibaki na mifugo, mama akanichukua mpaka mjini, tukapanga chumba kimoja karibu na reli. Kila asubuhi mjomba alituletea maziwa kwa pikipiki, na mama akawa muuza maziwa.

Majirani hawakuwa wabaya. Walitusalimu, tukaitikia. Ila jioni walipokaa nje kuchambua mboga na kusutana kwa utani, hakuna aliyetuita, nasi hatukujua namna ya kujiita. "Wale wa ng'ombe," ndivyo walivyotutaja, hata pale walipotaka kutusifu: "Wale wa ng'ombe wasafi kweli." Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuuzia maziwa tu. Alijua kusema haya ya leo, haya ya mgando, karibu tena, Mungu akubariki. Zaidi ya hapo alinitazama mimi, nami nikamalizia. Usiku tukifunga mlango ndipo alipofunguka. Alinihadithia kwa Kisukuma habari za ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, nani alizaa, nani mkorofi, nani alimpiga teke baba siku ya harusi ya mjomba. Alikuwa mcheshi, mama yangu. Mji mzima haukujua hilo isipokuwa mimi.

Alikuwa na msemo wake: "Kulala utalala popote. Mji wako ni ule unamokaa mchana, watu wakikuona."

Naye alipata pa kukaa mchana. Karibu na soko kulikuwa na duka la vitambaa la Mzee Rajabu, duka ambalo lilikuwa limebaki na vitambaa vichache na vumbi jingi. Baba yake Mzee Rajabu alikuja Kilosa zamani kufanya kazi ya reli, akazaa, akazeeka, akazikwa hapo hapo. Mama alipoomba kukaa kwenye baraza la duka lile, nikiwa mkalimani wake, mzee hakufikiri sana.

"Mwambie mama yako akae," aliniambia. "Hata baba yangu alishuka hapo stesheni hana anayemjua."

Basi kila asubuhi mama alifagia baraza, akaweka kigoda chake, ndoo mbili nyeupe zenye mifuniko, na kitambaa cheupe alichokifua kila siku mpaka kikawa chepesi kama karatasi. Alikaa ameinyoosha shingo, kanga imefungwa vizuri, anatazama watu wanaokwenda stesheni. Nilipotoka shule nilikaa miguuni pake na mjukuu wa Mzee Rajabu, Zuhura, rafiki yangu pekee, tukafanya hesabu za mwalimu kwa chaki sakafuni.

Nilipokuwa darasa la tano, walikuja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Walikuja na gari mbili, kamera iliyofunikwa kama mtoto mchanga, na kijana mmoja mwenye kofia ambaye wote walimwita "bosi." Soko lote lilisimama. Filamu yao ilikuwa ya kuchekesha, walisema, habari za mfugaji anayeingia mjini kwa mara ya kwanza. Mwigizaji wa huyo mfugaji alikuwa kijana mnene wa Dar aliyevishwa lubega, shuka la kufungwa begani, akapewa fimbo na makatambuga, zile ndala za matairi. Makatambuga yalimshinda. Kila baada ya hatua tatu moja lilimtoka, akalifuata akirukaruka kwa mguu mmoja, nasi watoto tukaanguka kwa kicheko. Bosi alipopaza sauti "Kata!" muuza nyama wa pale kona aliinua panga na kuuliza, "Nikate kiasi gani?"

Walipomwona mama kwenye baraza lake, bosi alifurahi kama aliyeokota kitu. Aliniita nitafsiri. Walitaka mama auze maziwa kama anavyouza siku zote. Mwigizaji atakuja kumuuliza benki iko wapi, naye amjibu kwa lugha yake, chochote kitakachomjia.

Sijawahi kumwona mama na furaha ya namna ile. Usiku ule hakuhadithia ng'ombe. Alitoa kitenge chake cha harusi, kile cha rangi ya machungwa, akakinyoosha chini ya godoro. Akanisuka nywele ingawa hakuna aliyeniomba nionekane. Akampigia simu dada yake mkubwa aliyekuwa Usangu kwa simu ya jirani, akapaza sauti nyumba nzima ikasikia, ingawa hakuna aliyeelewa.

Asubuhi alifika ameng'aa. Dada mmoja aliyewavisha waigizaji alimtazama, kisha akamtazama bosi.

"Hapana, mama," bosi alisema, kisha akanigeukia mimi. "Hapendezi hivi. Hafanani."

"Hafanani na nani?" niliuliza. Nilikuwa mtoto, niliuliza kweli.

"Na mfugaji," akajibu bila ukali, kama mtu anayenisaidia kuelewa.

Wakampa kaniki iliyochanika begani. Wakampaka udongo miguuni. Kisha wakasema kwamba pale barazani kuna kivuli kibaya, picha haitoki, ni afadhali ahamie ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa mtaro, pale ambapo soko lilitupa maganda ya miwa na majani ya kabichi. Wakabeba ndoo zake. Kigoda wakakiacha. Mama aliniuliza kwa Kisukuma wanasema nini, nikamwambia. Alisita kidogo. Kisha akacheka. "Ni mchezo," alisema. "Kwenye ngoma mtu hujipaka majivu, sembuse udongo." Akakaa chini, kwenye ukingo wa mtaro, akakunja miguu kwa adabu.

Mwigizaji akaja akichechemea na katambuga lake. Mama alimtazama, na uso wake ukabadilika. Alisahau kamera. Alimwona kijana anayetoka jasho, aliyevishwa nguo za watu wake, anayevaa makatambuga ambayo hayajui. Alimwambia kwa Kisukuma, na ninayakumbuka maneno yale kama nilivyoyasikia: "Mwanangu, umetoka mbali, na miguu yako imechoka. Kaa kwanza hapa kivulini unywe maziwa. Benki haikimbii."

Pale hapakuwa na kivuli. Nadhani alisema hivyo kwa mazoea, kama aliye kwenye baraza lake.

"Kata!" Watu wakapiga makofi. Mama akapewa soda. Wakaondoka siku ile ile.

Tulingoja miezi mingi. Mama aliniuliza kila wiki kama imetoka. Aliwaambia mjomba, baba, watu wa maboma, na wateja, kwa Kiswahili alichojifunza mahususi: "Mimi nitaonekana." Baba alipokuja mjini alivaa koti, akauliza filamu iko wapi, akarudi Zombo nalo koti lake.

Ilipofika, haikuja kwetu. Ilikuja kwenye kibanda umiza cha pale Kilosa, Jumamosi moja mchana, na Zuhura ndiye aliyenikimbilia. Mama alikuwa barazani anauza. Sikumwambia. Nilitaka niione kwanza, kisha nimpelekee habari kama zawadi.

Tulibanana kwenye mabenchi, watoto kwa wakubwa, televisheni ndogo juu ya meza, mapazia ya magunia. Filamu ilianza na watu wakaanza kucheka papo hapo. Mfugaji alivuka barabara akikimbia kama anafukuzwa. Aliingia dukani akapiga magoti mbele ya friji. Alilala kwenye ngazi za jengo akidhani ni kitanda. Nilicheka na mimi. Alikuwa anachekesha, siwezi kusema uongo. Niligundua kitu kimoja tu kilichonisumbua bila kujua ni kwa nini. Watu wa mjini katika filamu ile walikaa kwenye viti, milangoni, kwenye magari. Mfugaji na wenzake hawakukaa mahali. Walikuwa daima barabarani, chini, jalalani, au wanafukuzwa.

Kisha nikaona maganda ya miwa, na mama.

Alionekana mdogo sana. Mdomo wake ulikuwa unaenda, lakini sauti haikuwa yake. Walikuwa wameweka sauti ya mtu mwingine juu yake, sauti nyembamba ya kukunja ulimi, na ilisema kwa Kiswahili: "Benki? Benki ni ng'ombe wa rangi gani?"

Kibanda kililipuka. Mtu aliyekaa mbele yangu alipiga paja lake mpaka benchi likatikisika. "Jamani, si yule Mama Maziwa!" mmoja alisema, na kicheko kikaanza upya. Chini ya ile sauti ya bandia, kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili, sauti ya mama ilikuwa bado ipo. Nilimsikia. Alikuwa anasema kaa kwanza, unywe maziwa.

Zuhura alinigeukia machozi ya kicheko yakimtoka. Sasa nawaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu kwa miaka mingi. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote mle ndani, mpaka koo likaniuma, ili asiwepo atakayeniangalia.

Jioni mama aliniuliza nilikokuwa. Nilisema kibandani.

"Imetoka?"

"Imetoka, mayu," nikajibu. Mayu ni mama kwa Kisukuma. "Lakini wamekukata. Hukuonekana."

Alikung'uta kitambaa chake. "Hata sauti?"

"Hata sauti."

"Basi," alisema. "Labda sikusema vizuri."

Wiki iliyofuata watoto wakaanza. Walipita mbele ya baraza wakikunja ndimi: "Benki ni ng'ombe wa rangi gani?" Wakubwa nao wakafuata kwa upole wao. Mteja mmoja aliyenunua kila siku alimwambia, "Mama Maziwa, leo umepanda cheo, umetoka mtaroni," akacheka, akalipa, akaondoka. Mwenye duka la jirani alimwambia Mzee Rajabu kwamba wafugaji wana mahali pao, si tumeona wote, ni ng'ambo kule. Mzee alijibu kwamba baraza ni la baba yake, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini mama aliona vidole vikielekezwa ng'ambo, kwenye mtaro, na hakuelewa. Aliniuliza wanasema nini. Mimi nikasema ni wimbo tu wa shule.

Nilianza kupita njia ya reli nikitoka shule ili nisionwe barazani. Nilisema tunabaki na mwalimu. Zuhura alikwenda peke yake, akakaa miguuni pa mama yangu na chaki yake. Mama alikuwa anamgawia maziwa na kumwuliza kwa maneno yake machache, "Mwenzako?" Hilo niliambiwa na Zuhura.

Mwisho wa mwaka dada yake mama alikuja kutoka Usangu kututembelea. Tulikwenda kumpokea hapa Mikumi, kwa kuwa basi lake lilipita barabara kuu. Tulifika mapema, vumbi la njia ya Zombo likiwa kwenye kope zetu, tukaingia mgahawa mmoja wa madereva tukaagiza chai. Juu ya kaunta kulikuwa na televisheni. Nilitambua muziki kabla sijaiona picha.

"Mayu, tukae nje," nilisema. "Basi litatupita."

"Halijafika," alisema mama. Alikuwa amemtambua kijana mnene na makatambuga yake. Alitabasamu. "Ni huyu! Ngoja tumwone."

Nikakaa. Madereva walicheka friji, wakacheka ngazi. Mama naye alicheka lilipotoka katambuga. Kisha akajiona. Aliisikia ile sauti. Kiswahili chake kilitosha kwa maneno yale, maana ni yale yale aliyoimbiwa barazani kwa miezi. Nilimwona akiyaunganisha moja moja, watoto, mteja, vidole, na mwishowe mimi.

Mgahawa ulikuwa unacheka. Mama aliinuka. Alifunga kanga yake upya, polepole, na akasema kwa Kiswahili kile kile cha kuuzia maziwa:

"Samahani, jamani. Huyo ni mimi. Mimi sikusema hivyo. Nilimwambia, mwanangu, umechoka, kaa, kunywa maziwa. Ndiyo nilisema."

Kicheko kilikatika. Mhudumu alisimama na sahani mkononi. Kijana mmoja akaguna, mwingine akaangalia chai yake. Televisheni iliendelea kuongea peke yake. Kwenye meza ya mlangoni alikuwapo dereva mtu mzima, mwenye mvi, ambaye tangu tuingie alikuwa anacheka kwa nguvu kuliko wenzake. Aliweka kijiko chini. Akamsalimu mama kwa Kisukuma safi, kwa heshima yote, akainamisha kichwa. Akasema, "Nilisikia, mayu. Nilikusikia tangu mwanzo." Hakusema zaidi. Akaacha chakula chake na kutoka kwenda kwenye lori.

Mama aliketi. Hakunigombeza. Hakunitazama hata kunitazama. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, na nje basi la Usangu likapiga honi.

Mama mkubwa alishuka na mizigo yake na kelele zake, akatukumbatia, akalia kidogo. Ndani ya gari la kurudi Kilosa mama alikaa katikati yetu. Walizungumza Kisukuma, ya wazazi, ya ng'ombe, ya mvua. Tulipopita Zombo mama mkubwa akakumbuka. "Na ile filamu yako? Watu wa kwetu wananiuliza."

Nilishika kiti cha mbele. Mama alitazama dirishani.

"Walinikata, dada," alisema. "Hata sauti."

Kisha akanigeukia mimi, akanitoa vumbi usoni kwa ncha ya kanga, akaniambia kwa Kiswahili: "Lala. Bado mbali."

Kesho yake alifagia baraza akakaa. Alikaa pale kila siku mpaka nilipomaliza kidato cha nne, wateja wakazoea, watoto wakapata wimbo mwingine. Mtu angesema mambo yalikwisha. Lakini tangu siku ile ya Mikumi, mama hakusema nami tena kwa Kisukuma. Sikumbuki akitangaza. Alianza tu kuniita kwa Kiswahili, kunituma kwa Kiswahili, na usiku mlango ukifungwa, kunyamaza, maana hadithi za ng'ombe hazikuwa na maneno katika Kiswahili chake. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nawaambieni ukweli, nilifurahi. Nilidhani mama ameanza kuwa mtu wa mjini. Nilidhani amenisamehe na ananisaidia, ili mitaani asiwepo atakayetusikia na kutucheka.

Ilinichukua miaka, na wanafunzi wengi wanaokuja darasani kwangu na lugha za mama zao mdomoni, kuelewa alichokifanya. Aliniachilia niwe wa mji. Katika mji ule alikuwa na msikilizaji mmoja tu, na msikilizaji huyo alimsikia, akacheka na wengine.

Siku hizi yuko Zombo, na ng'ombe wachache wa baba. Nampigia simu Jumapili. Nimekuwa najifunza upya, nabahatisha maneno, nayatamka vibaya kama yule mwigizaji. Jumapili iliyopita nilimsalimu kwa Kisukuma, nikamwuliza amelalaje. Upande wa pili nikasikia ng'ombe mmoja akilia nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sijambo."

Kwa Kiswahili. Kwa upole, na kwa ufasaha wa mtu aliyejifunza akiwa peke yake.